Kibuyu cha Maziwa Ghorofa ya Nane

Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na daktari wa Shinyanga alishauri apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa. Kisu alikikubali. Alichokataa ni kulala kwangu, ghorofa ya nane, kwa sababu mjomba alishafika huko akarudi akisema majumba marefu hucheza upepo ukivuma.

Nikapanda treni hadi Isaka kwenda kumbembeleza. Mtu mwenye akili angemdanganya. Mimi nilikuwa nimesomea ujenzi chuo kikuu, kwa hiyo nikamweleza ukweli.

Tulikaa uani, upepo wa kiangazi ukipeperusha makapi ya mtama. Nikamwambia kwamba upepo hausukumi jengo kwa mbele tu. Ukipita kwenye kona kali huchanika, ukajikunja kuwa vimbunga vidogo nyuma yake, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo hulitikisa jengo ubavuni. Ndiyo maana majumba marefu sana hukatwa kona, au hupunguzwa upana kadiri yanavyopanda, ili vimbunga visipatane.

"Kushoto, kulia," mama akasema. "Kama mtu anayetikisa maziwa kibuyuni."

"Hivyo hivyo, mama." Nilifurahi kama mwalimu aliyeeleweka.

"Na hilo lenu limekatwa kona?"

Miaka yote niliyokaa humo sikuwahi kulitazama kwa jicho hilo. "Hapana. Liko kama kiberiti. Lakini ni fupi na nene, mama, upepo hauliwezi."

"Ghorofa nane ni fupi," akasema polepole, kama anayeonja chumvi. "Kumbe ulisomea nyumba za watu wengine, baba."

Hata hivyo alikuja, na kibuyu chake cha kusukia siagi. Akaagiza maziwa, akakijaza, akakining'iniza sebuleni. "Jengo likicheza, asubuhi tutakuta siagi."

Upepo wa bahari ulivuma hadi madirisha yakalia. Asubuhi akamimina maziwa kwenye bakuli, akayapapasa kwa vidole, maana macho hayakumsaidia.

"Hakuna hata punje," akasema. Akayarudisha kibuyuni, akayatikisa mwenyewe mapajani hadi siagi ikatoka, kisha akajifunga kanga. "Haya, twende hospitali."

Siku alipofunguliwa bandeji nilimrudisha kwangu. Tulipofika chini ya jengo akasimama, akalitazama kona moja baada ya nyingine.

"Kweli," akasema. "Kiberiti."

Kisha akatangulia kupanda ngazi.