Hybrid yangu ya kilomita 28 kwa lita ilivyozimika kwenye mlima wa Mto wa Mbu, mama mkwe akiwa ndani

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Kuna mdau humu juzi kaapa kwamba hybrid yake inatembea karibu kilomita thelathini kwa lita moja. Simbishii, maana hata yangu ilishaniandikia hivyo. Nawasimulia yaliyonikuta mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Shahidi ni mama mkwe, yupo kijijini Qurus, bahati nzuri hana simu ya kuingia humu.

Mimi nipo Karatu mjini, nina duka la vifaa vya umeme. Mwaka jana niliuza gari langu la zamani nikachukua hybrid ndogo, ya petroli na betri, kwa jamaa mmoja wa Dar.

Jamaa aliniambia, "Kaka, hii utasahau hata njia ya sheli."

Nikamwamini.

Kwa msiopajua huku: Karatu iko juu, Mto wa Mbu uko chini, na katikati kuna mlima wa kona kona. Ukishuka, huhitaji mafuta. Gari linateleza, betri inajaa, na kioo cha dashibodi kinakusifia tu. Kikifika 28 mimi naegesha pembeni pale chini, napiga picha, natupia kwenye group la WhatsApp la ukweni.

Nikifika Arusha namba kwenye kioo inakuwa imeshuka sana. Hiyo sikuwa naipiga picha.

Mlengwa alikuwa shemeji yangu Emanuel, kaka wa mke wangu. Ana pickup ya dizeli ya siku nyingi, anabebea vitunguu. Nilikuwa namwandikia, "Shemeji, uza hilo tanuru." Yeye anajibu kwa kidole gumba, basi.

Sasa mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa jicho Arusha. Siku ya kuruhusiwa, Emanuel akasema ataenda kumchukua. Nikasema hapana, mgonjwa wa jicho hawezi kupanda pickup ya vitunguu, mimi nina gari la AC. Mke wangu akafurahi. Nikajiona mkwe wa maana.

Nilishuka asubuhi, nikamchukua mama, jicho moja limefungwa bandeji. Daktari alisema asipigwe na vumbi, kwa hiyo vioo juu, AC muda wote.

Mnajua kusafiri na mama mkwe kulivyo. Redio huwashi, simu hupokei ovyo, hata kukohoa unapima.

Tulipofika Mto wa Mbu akasema, "Baba Neema, simama kidogo ninunue mchele."

Kidogo yenyewe ilikuwa magunia mawili na mkungu mzima wa ndizi nyekundu. Nikapakia. Gari likakaa chini nyuma kama kuku anayeatamia.

Taa ya mafuta ilikuwa imewaka tangu kabla ya hapo. Sheli ipo palepale, naiona. Lakini kioo kiliandika kilomita zilizobaki, na zilikuwa karibu mara mbili ya safari ya kufika Karatu.

Mama akauliza, "Hiyo taa ya njano ni ya nini?"

Nikamjibu, "Usijali mama, hii ni hybrid, inajitengenezea umeme."

Nadhani alichukulia kwamba mimi wa duka la umeme najua ninachosema.

Tukaanza kupanda. Wakuu, zile kilomita zilizobaki zikaanza kuporomoka kila kona. Betri ikakaribia kuisha mapema, injini ikabaki peke yake inalia na mchele, ndizi, AC na heshima yangu. Nikazima AC kimyakimya. Haikusaidia. Karibu na sehemu wageni wanaposimama kupiga picha ziwa, injini ikakata. Umeme uliobaki ukatusogeza hadi pembeni ya lami, kisha kimya.

Mama akauliza kwa upole, "Tumefika wapi?"

"Tunapumzisha gari kidogo, mama."

Nikashuka kutafuta msaada. Magari yalipita mengi, ila huo mlima ni njia ya magari ya watalii, karibu yote dizeli. Kila anayesimama anauliza, "Petroli?" anatikisa kichwa, anaondoka. Jua kali, na vioo siwezi kufungua kwa sababu ya vumbi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama alikuwa anajifuta jasho, linatelemka kuelekea kwenye bandeji, na mimi ndiye niliyemng'ang'ania.

Akasimama dereva mmoja wa watalii, kijana wa Rhotia anaitwa Lazaro, ana wageni wawili wazee. Alimwona mama, wakasalimiana Kiiraqw, akawaeleza wageni kwa Kiingereza. Wakakubali haraka. Mama akapandishwa siti ya mbele.

Lazaro akaniambia, "Mkubwa, mama nitamfikisha. Wewe agiza bodaboda akuletee petroli kutoka chini. Ila vioo usifungue."

"Kwa nini?"

Akanionyesha nyuma yangu kwa kidevu. Nyani walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa kando ya barabara, wanaziangalia ndizi.

Nilikaa ndani ya hilo joto, nyani mmoja juu ya boneti, mwingine analamba kioo cha nyuma, hadi bodaboda alipokuja na kidumu. Nilipofika ukweni Qurus, Emanuel alikuwepo. Nilisubiri anicheke. Alishusha mchele, akanipa maji, akasema, "Pole shemeji." Ingekuwa nafuu angecheka.

Jicho la mama lilipona vizuri. Alichosimulia kanisani ni kwamba gari la wageni lina dirisha juu, na kwamba mkwe wake angenunua lile.

Fundi aliniambia kwenye mwinuko mafuta machache yanalala upande mmoja wa tenki, pampu inavuta hewa. Tangu hapo napima mwenyewe: najaza fulu, natembea, najaza tena sheli ileile, nagawanya. Karatu–Arusha kwenda na kurudi napata 17 hivi. Njia ya vumbi ya Qurus, 13. Foleni ya Arusha mjini ndiyo inafika 20. Bado inalishinda gari langu la zamani, siiuzi. Ila kioo kinahesabu ulikotoka, hakijui mlima ulioko mbele.

Wenye hybrid wa Mbulu, Njombe, Lushoto na milima mingine, mnapata ngapi kwa kupima sheli? Wa Dar mnaotembea tambarare, tumeshasikia, hongereni.

Na kama kuna mtu anajua dawa ya kutoa mikwaruzo ya kucha za nyani kwenye boneti, aniandikie hapa.