Figa la Tatu

Limbu aliolewa mwaka uliofuata Uhuru, akiwa na miaka kumi na saba, na kitu cha kwanza alichoonyeshwa kwa mumewe hakikuwa kitanda wala kisima. Yalikuwa mawe. Mawe matatu meusi, yameungua mpaka yanang'aa, yamekaa jikoni yakitazamana.

"Haya ndiyo mafiga ya nyumba hii," mama mkwe alimwambia. "Mume wako akiwa msituni, hayasogezwi. Na wewe huli kwenye jiko la mtu mwingine. Unapika hapa, unakula hapa, mpaka arudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Angesema nini, maskini? Alikuwa mgeni. Ametoka Nzega kwenye pamba, minada na watu wengi, akaletwa huku nyuma ya Ipole, miti ya miyombo mbele, miyombo nyuma, jirani ni mmoja tu na nyumba yake huioni mpaka uvuke mto. Mumewe, Luhende, alikuwa mrina asali. Mara mbili kwa mwaka alikwenda kambini na wenzake, mwezi mzima, wakati mwingine miwili, kurina mizinga yake ya magome huko juu ya miti.

Mwiko wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko asali. Babu yake Luhende alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu toka Tabora hadi pwani, na mkewe alikaa miezi na miezi akilinda mafiga. Ilisemekana mke akila kwenye jiko la jirani, mume anajikwaa na mzigo huko aliko. Misafara ikaisha, pembe zikaisha, wanaume wakageukia nyuki, na mwiko nao ukahamia kwa nyuki. Ila tuwe wakweli, wanaume nao walikuwa na lao: wakiwa kambini hawakutakiwa kutaja majina ya wake zao, eti nyuki wana wivu. Kufunga mdomo tu. Mwenzao huku anafungwa na jiko zima!

Luhende alikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, na hata Mungu alipowanyima mtoto, na maneno ya watu yakawa mengi, hakuleta mke wa pili. Lakini kuongea? Weee! Angeweza kurudi baada ya miezi miwili, akatua mzigo, akasema "Habari za hapa," halafu basi mpaka kesho yake.

Mama mkwe alipokuwa hai, Limbu alikuwa na mtu wa kula naye. Bibi yule alifariki mwaka wa Azimio la Arusha, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Umewahi kusonga ugali wa mtu mmoja? Usijaribu. Maji kikombe, unga viganja viwili, mwiko unagonga chungu kitupu mpaka unaona aibu mwenyewe. Luhende alipokwenda tena kambini, Limbu alikaa chini, akakata tonge, akalitazama, akalia. Siku ya tatu alijikuta anaukaribisha mlango chakula. Siku ya nne alijifunga kanga, akavuka mto kwenda kwa yule jirani, Tatu.

Tatu alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Kwihara, aliyeletwa huku na mume mnunuzi wa nta. Mume akafa, yeye akabaki na kuku wake, tasbihi yake na mdomo wake ambao haukujua kupumzika.

"Karibu, mdogo wangu. Nawa mikono, kisamvu kinapoa."

"Nimeshakula, dada."

"Umekula nini, upepo? Kaa chini hapa."

Limbu akakaa. Akala kisamvu cha karanga mpaka akasikia usingizi. Kuanzia siku ile, kila Luhende alipokwenda msituni, yeye aliwasha moto kwenye mafiga ya mkwewe ili moshi uonekane, halafu akaenda kula kwa Tatu. Miaka minne alifanya hivyo. Luhende alikwenda, Luhende akarudi mzima, na Limbu akaanza kuamini kwamba nyuki hawana habari na vyungu vya watu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na moja. Wenzake walimrudisha Luhende kwenye machela ya miti, mguu umevunjika, uso umevimba hata macho hayaonekani.

"Nyuki walinigeukia," alisema. Maneno mawili, hakuongeza la tatu.

Limbu alisimama mlangoni na mikono yake ikinukia kisamvu cha Tatu. Jamani, kuna hatia inayomkaa mtu kifuani asijue pa kuiweka! Alimuuguza miezi mitano. Alimwosha, alimkanda, alimlisha kwa mkono wake, na kila siku alikusudia kumwambia, na kila siku akashindwa. Mguu ukaunga vibaya, Luhende akabaki na kuchechemea. Kila hatua aliyopiga uani, Limbu alisikia yeye ndiye anayeshtakiwa.

Kwa Tatu hakukanyaga tena. Wala hakumweleza sababu. Tatu alipoita toka ng'ambo ya mto, yeye aliitika kwa mbali, "Nina kazi, dada!" Mume alipopona na kurudi msituni, Limbu alikula ugali wake wa mtu mmoja, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakonda. Akawa mkimya kuliko hata mumewe, nyumba ikawa na mabubu wawili. Asubuhi ya mwisho, kabla ya kwenda kambini mwaka wa sabini na nne, Luhende alimtazama muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Limbu, kama umechoka na maisha haya, njia ya Nzega unaijua."

Limbu alitaka kusema hapana. Luhende akabeba mzigo wake, akaondoka akichechemea, na neno lile likabaki uani.

Wiki tatu baadaye lori la Operesheni likafika. Watu wote wa msituni walitakiwa wahamie kijiji kipya cha Ujamaa kando ya barabara, palipo na mpango wa shule, zahanati na bomba. Vijana wa mgambo walianza kuezua paa kabla hajamaliza kutoa vyungu. Mkubwa wao, Elieza, alikuwa mtu wa adabu, akamsaidia kubeba kitanda.

"Mume wangu yuko msituni," Limbu alimwambia. "Akirudi atanikuta wapi?"

"Ataulizia, mama. Watu watamwambia."

Watu gani? Wote walikuwa ndani ya lori! Limbu alirudi kwenye lile jiko lisilo na paa, akayatazama mafiga. Akiyaacha yote, basi amelikimbia jiko la ukoo. Akiyabeba yote, Luhende atakuta majivu matupu, na atajua, ndiyo, atajua kabisa kwamba mkewe ameshika njia ya Nzega kama alivyoambiwa. Honi ikapigwa. Limbu akainama, akafunga figa moja kwenye kanga, akafunga la pili. La tatu akaliacha pale pale katikati ya jiko.

"Ala! Mama, mawe?" Elieza akacheka. "Huko tuendako yapo tele."

"Kama haya hayapo," Limbu akajibu, akapanda.

Kijijini viwanja vilipangwa kwa vigingi, kimoja baada ya kingine, na kwa bahati, au kwa mpango wa Mungu, kiwanja kilichofuata cha kwake kilikuwa cha Tatu. Limbu alitua mafiga yake mawili, akaacha pengo la lile la tatu, akakaa akiyatazama. Chungu hakikai juu ya mawe mawili. Siku mbili alitafuna mihogo mibichi na karanga. Siku ya tatu Tatu akaja, mikono kiunoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hivi wewe, unajiua na njaa kwa ajili ya jiwe? Okota lolote barabarani!"

"Sitaki lolote. Langu litakuja na mwenyewe."

"Basi njoo ule kwangu." Limbu akatikisa kichwa. Sauti ya Tatu ikabadilika. "Miaka mitatu, Limbu. Miaka mitatu hujagusa chakula changu. Niambie leo hii nilikukosea nini, maana mimi nimejiuliza mpaka nimechoka."

Hapo Limbu alilia kilio ambacho majirani wapya walidhani ni cha msiba. Akasema yote: mwiko, kisamvu, machela, mguu. Tatu alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwake si dogo. Alipoona mwenzake amemaliza, akapangusa machozi yake mwenyewe kwa ncha ya kanga.

"Yaani kisamvu changu ndicho kilichomwangusha mwanamume juu ya mti? Mbona kina nguvu hivyo! Ningejua ningekiuza Tabora mjini nitajirike." Halafu akajiketisha chini, pale pale kwenye pengo la jiko, miguu kaikunja. "Mafiga unayo mawili. La tatu si mimi? Jina langu ni nani? Nyanyuka tukale."

Limbu akacheka katikati ya machozi, akanyanyuka, akaenda. Lakini kila tonge alilomeza alimwona Luhende juu ya mti na nyuki wamemzingira. Alikula kwa hofu, na alikula kwa sababu peke yake hakuweza tena. Mwezi wa kambi ukaisha. Siku ya kurudi ikafika, ikapita. Ya pili, ikapita. Siku ya nne baada ya hapo hakula hata kwa Tatu. Alikaa kando ya mafiga yake mawili akitazama alama za magurudumu ya lori zilikotokea msituni.

Alasiri ile akatokea mtu anayechechemea. Begani alikuwa na mzega, ule mti wenye mzigo kila upande. Mbele kilindo cha asali, chombo cha gome. Nyuma, badala ya kilindo cha pili, kitu cheusi kimefungwa kwa kamba za magome, kizito, kinabembea. Limbu alilitambua lile jiwe kabla hajautambua uso wa mumewe.

Luhende alifika, akatua mzega, akafungua kamba.

"Kilindo kingine kiko wapi?" Limbu aliuliza. Hebu fikiria, hilo ndilo neno lililomtoka!

"Juu ya mninga. Nitakifuata. Nisingeweza kubeba vyote." Akapangusa jasho. "Nilikuta nyumba haipo. Nikasema basi, amekwenda kwao. Halafu nikaona figa moja. Nikawaza, haya mengine mawili nani kayachukua? Mwanamke anayerudi kwao habebi mawe ya mkwewe. Nikafuata lori."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mwezi, na pengine ndiyo yaliyomfungua Limbu. Alipiga magoti, akayasema yote kwa mara ya pili. Kwamba alikula kwa Tatu miaka minne. Kwamba ndiyo maana nyuki walimgeukia. Kwamba mguu ule ni yeye aliyeuvunja, na hata sasa, mwezi huu, amekula tena.

Luhende alitazama chini. Akaanza kusema, akaacha, akaanza tena.

"Si nyuki."

"Nini?"

"Walikuja baadaye, mzinga uliponiangukia. Kwanza niliteleza mimi." Akanyoosha kidole kwenye miguu yake mwenyewe, kwenye katambuga zake, viatu vya mpira wa gari. "Nilikuwa nimezinunua Sikonge, mpya. Nikapanda nazo. Mrina mzima, mwana wa mrina, kupanda mti na viatu! Niliona aibu, nikasema nyuki."

Limbu akasimama wima.

"Katambuga?"

"Hizi hizi."

"Miaka mitatu, bwana Luhende! Miaka mitatu nimesonga ugali wa mtu mmoja! Nimemtupa rafiki yangu, nimeomba radhi kwa mizimu ya ukoo wako, nimekusikia ukichechemea nikataka ardhi inimeze. Kwa ajili ya katambuga!"

Watu walianza kuchungulia. Tatu alikuwa ameshafika zamani, na wala hakujifanya hasikii.

"Nisamehe, mke wangu," Luhende akasema. "Sikujua kwamba unabeba na wewe. Nilidhani umenichoka." Halafu, kwa sauti ya mtu anayekiri la mwisho: "Na ule mwiko wa jina, sijaushika hata siku moja. Kila mti nimekutaja, toka mwaka ulipokuja. Huko msituni hakuna nyuki asiyekujua."

Limbu alimtazama mtu huyu aliyeishi naye miaka kumi na miwili. Kumbe alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea siku zote, ila huko mbali, na nyuki. Moyo ulimuuma na kulainika kwa wakati mmoja.

"Vua," akamwambia.

"Nini?"

"Hizo katambuga. Vua."

Luhende akavua. Akaliweka mwenyewe figa la tatu mahali pake, peku, akalisukuma kwa kisigino mpaka likatulia. Limbu akapanga kuni, akawasha, akatupa katambuga zote mbili motoni, akateleka chungu juu yake. Moshi mweusi ukapanda, kiwanja kizima kikakohoa.

"Mimi nimeshafukuzwa kazi ya ufiga?" Tatu akauliza, kanga puani.

"Kalete kisamvu, dada," Limbu akasema huku akimimina unga, mwingi, bila kupima.

Ugali ule ulinuka mpira. Waliula wote watatu, kwenye sinia moja, mpaka ukaisha.