Aliyenivunjia Posa Sasa Anataka Nikawashe Umeme kwa Shemeji Yake

Admin, nifichie jina na mtaa, maana nitakayemsema humu wafuasi wako wengi wanamjua, na mimi wananijua. Nina miaka ishirini na sita, Mzanzibari, fundi umeme wa majumbani. Ndiyo, mwanamke. Mimi na mwenzangu, nimwite Rukia, tulisoma ufundi pamoja, na mwaka jana tukakodi kibanda upande wa Amani, tukaandika mlangoni kwamba tunasuka umeme na kutengeneza feni.

Jirani yetu ni fundi wa siku nyingi, nimwite Haji. Mwanzo alitucheka tu. "Nyie watoto wa kike mtapigwa shoti mtuletee msiba bure," anasema, na wenzake wanaangua kicheko. Tulicheka nao, kazi ikaendelea. Kilichokuja kumuuma ni wateja. Hapa kwetu mwanamke akiwa peke yake nyumbani hamwingizi fundi wa kiume, anangoja mumewe arudi, na mume akirudi fundi keshafunga. Sisi tukawa tunapigiwa simu asubuhi, tunaingia mpaka vyumba vya kulala, tunamaliza kazi, na chai tunapewa. Wateja wa Haji wakaanza kuhamia kwetu mmoja mmoja.

Kisha tukapata kazi ya kubadilisha taa kwenye hoteli moja Kiwengwa. Tulikuwa tukienda asubuhi na kurudi jioni. Haji akapata la kusema. Ijumaa baada ya sala, barazani karibu na msikiti, mbele ya wazee, akasema: "Hawa wakenda Kiwengwa mnadhani wanakwenda kutia taa? Hebu muulizeni yule mrefu wazungu wanamlipia nini." Yule mrefu ni mimi. Na kati ya wazee wale alikuwemo ami yake mchumba wangu.

Posa yangu ilikuwa imeshajibiwa. Mshenga alikuja akamwambia mama kwamba upande wa mume wamesita. Hakusema kwa nini, lakini maneno yalikuwa yameshatufikia kabla yake. Mama alijifungia chumbani akalia. Mimi sikulia, nilikasirika hata siku ile Rukia akanikataza kugusa waya. Nilimfuata Haji nikamwambia aende akaseme kwamba ni uongo. Akanijibu, "Mimi nlikuwa nafanya mzaha tu, mbona unayakuza mambo?" Mchumba wangu keshaoa mwengine.

Mungu si Athumani. Mwezi uliopita kaka yake Haji alifariki, na mkewe sasa yuko eda. Wiki hii nyaya za nyumba yake zimeungua, tena nyaya alizozisuka Haji mwenyewe, ikabidi umeme wote uzimwe. Huyu mjane ni mtu wa kushika dini na mila. Amesema hakuna fundi wa kiume atakayetia mguu ndani mwake mpaka eda iishe, na Haji ni shemeji tu, si maharimu wake. Basi anakaa kwenye giza na joto na wanawe wawili, wa mwisho hata ziwa hajaacha.

Haji akaja nyumbani kwetu. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu mama alikuwa anatazama. Alikuwa ameinamisha uso. "Mwanangu, nnakuomba. Mafundi wa kike nnaowajua ni nyie tu." Nawaambieni kweli, nilifurahi. Nilifurahi kumwona vile kuliko nilivyofurahi siku ya posa. Nikamwambia nitakwenda, tena bure, ila Ijumaa baada ya sala asimame pale pale, mbele ya wazee wale wale, aseme kwamba alinisingizia. Akasema, "Radhi ntakuomba hapa hapa, hata magoti ntapiga. Lakini kule siwezi, watu watanionaje?"

Watanionaje! Mimi walinionaje? Nikamfungulia mlango atoke.

Rukia anasema aliyetukanwa ni mimi, kwa hiyo niamue mimi, yeye hatakwenda bila ridhaa yangu. Mama amenigombeza sana. Nilimwambia, "Mama, akutendaye mtende." Akanimalizia mwenyewe: "Mche asiyekutenda. Huyo mfiwa kakukosea nini?" Nikatoka nje.

Leo mchana mjane mwenyewe kanipigia simu. Nilidhani anataka kunibembeleza, nikajiandaa kumkatalia. Nikamweleza yote kwa hasira, na mtoto nikimsikia analia huko kwake. Aliniacha mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, usije. Mngoje aseme. Ukija kabla hajasema, hatosema tena maisha yake. Joto hili mie ntalistahamili, na mie nna mtoto wa kike."

Tangu nitukanwe, hakuna mtu aliyenisimamia hivyo, hata huyo aliyetaka kunioa. Kesho ni Ijumaa na Haji yuko kimya. Nikienda leo, jina langu halisafishwi tena. Nisipokwenda, ninayemwacha gizani ni mjane na wanawe, wala si Haji, ambaye feni yake inazunguka. Nyinyi mliowahi kusingiziwa, na nyinyi mliowahi kukaa eda, semeni nami kama ndugu yenu: nichukue vifaa vyangu niende, au nimngoje yule mwanamume mpaka aseme?