Maji ya Mchwa Langoni

Juzi kwenye kioski Nchiru, mwanafunzi wa chuo aliniambia anataka kupima kama maji ya wadudu waliochemshwa yanaua bakteria wanaoozesha meno. Nikajikuta nimeshika shavu.

Wakati wa Dharura, wakoloni walipopigana na Mau Mau, tulifungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, upande wa Manyatta. Nilikuwa msichana mdogo, jino langu la nyuma limeoza. Siku hiyo mimi na mama tulirudi kutoka kwa shangazi na kichupa cha maji ya mchwa waliochemshwa, ya kusukutulia. Langoni homugadi, mlinzi wa serikali aliyekuwa akipekua watu, akakinusa.

"Hii ni ya kiapo cha Mau Mau."

"Ni dawa ya meno ya huyu mtoto, bwana."

"Basi kunywa nione."

"Hainywewi. Kiapo ndicho humezwa, hii inatemwa."

Foleni nzima nyuma yetu ikatazama chini. Watu walipelekwa kizuizini kwa maneno machache kuliko hayo.

"Mama," homugadi akasema polepole, "umejuaje kwamba kiapo humezwa?"

Mama akachukua kichupa, akamimina maji yote kinywani, mashavu yakamjaa. Akayagusa kwa kidole kumwonyesha hawezi kusema. Homugadi akasubiri ateme. Hakutema. Foleni ikazidi kurefuka, hadi akachoka, akatuashiria tupite.

Mama aliyatema nyumbani. Kichupani hakikubaki kitu, kwa hiyo jino langu liling'olewa kwa koleo.

Nilimwambia mwanafunzi sijui kama mchwa wanaua bakteria. Ninachojua ni kwamba nilipoteza jino, nikabaki na mama.