Ndege ya Vita Tuliyoivusha Bahari

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa kitambaa, si ufunguo wa kufungulia nati. Chefu wa ateliye, karakana ya ndege pale Goma, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliniangalia toka kichwa mpaka viatu.

"Wewe mutoto wa Masisi," akasema, "kwenu munajua maharagi na mihogo. Hapa utajua kwanza mafuta inatokea wapi. Pangusa moteri yote. Kesho utanionyesha fasi gani imelowana tena."

Nilipangusa mpaka jua likainama. Kesho yake nikamwonyesha. Hakunisifu. Alinyoosha mkono akanipa ufunguo, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mekanisiye, fundi wa moteri.

Ndege yenyewe ilituzidi sote kwa umri. Ilitengenezwa ng'ambo, wakati wa vita kuu ya wazungu, ya kubebea askari wa miamvuli. Kwenye dari yake bado ulipita ule waya mrefu ambao askari walitundikia kamba zao kabla ya kuruka. Vita vilipokwisha iliuzwa huku na huku mpaka ikatufikia sisi, nasi tukaipakia sabuni, sukari na samaki wa chumvi kupeleka Walikale. Moteri zake mbili zilikuwa za mtindo wa nyota, silinda zimezunguka katikati kama alizeti inavyozungukwa na majani yake ya manjano. Ikilala, mafuta hushuka yakajaa silinda za chini. Ukiiwasha kwa haraka, chuma kinagonga mafuta yasiyobanika, kinapinda. Kwa hiyo kila asubuhi tuliizungusha helisi, yale mapanga ya mbele, kwa mikono, polepole, huku tukisikiliza.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, chini ya mkubwa wa kituo ambaye alivaa tai hata mvua ikinyesha. Pisti yetu, pa kutulia ndege, ilikuwa barabara ya lami katikati ya msitu. Askari walisimamisha pikipiki na akina mama waliotoka Itebero na mizigo mgongoni, ndege ikatua, tukaisogeza pembeni, barabara ikawa barabara tena. Rubani wetu tulimwita Komanda. Alikuwa mzaliwa wa Kisangani, mtu wa maneno machache, na mimi aliniita Mekano. Miaka mingi tuliruka pamoja. Sikumbuki siku aliyonifokea.

Familia yangu ilibaki vilimani, Masisi, penye mashamba ya wazazi wetu. Vita viliwahamisha mara moja, mara mbili, mwishowe wakatulia kambini Kashuga: bibi niliyemuoa, Mama Furaha, na watoto wetu. Nilienda kuwaona kila nilipopata ruhusa.

Siku moja Komanda alinikuta chini ya bawa.

"Mekano, avioni imeuzishwa. Kuna watu ng'ambo ya bahari wanakusanya avioni za vita. Wataiweka ku nyumba ya makumbusho. Lakini inapashwa kwenda yenyewe, kwa mabawa yake. Bila mutu mwenye anajua hizi moteri, mimi siendi. Utakuya?"

Nilimwomba siku chache. Nilipanda Kashuga. Nilimkuta Mama Furaha ameketi mbele ya kibanda cha turubai anachagua maharagi. Nilimweleza yote, pamoja na woga wangu wa maji. Alicheka kidogo.

"Papa Furaha, iyi avioni umeiuguza kama muzazi. Sasa nani mwingine ataisindikiza? Enda. Sisi tutakungojea."

Tulitoa viti vyote, tukafunga matangi ya ziada tumboni mwa ndege ili essence, petroli ya ndege, itoshe kuvuka. Moteri za zamani zinakunywa pia mafuta mazito, na juu ya bahari hakuna pa kusimama kuziongezea. Kwa hiyo tuliweka pipa la mafuta ndani, na pampu ya mkono yenye mpira unaokwenda kwenye kila bawa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia saa za kupimia presha ya mafuta na kupiga pampu: ikizidi, mafuta yanamwagika nje, ikipungua, moteri inaungua. Inataka mkono uliotulia.

Tulikuwa watatu: Komanda, rubani wa pili aliyetumwa na wanunuzi, na mimi. Tulitua Kisangani na Kinshasa, tukafuata pwani mpaka magharibi kabisa, kisha tukaruka mpaka kisiwa kidogo chenye upepo mkali. Kutoka pale ni maji matupu mpaka Brazili.

Kisiwani, nikiwa juu ya ngazi nabadilisha mishumaa ya moteri, zile plagi za cheche, Komanda aliitwa kwenye simu ofisini. Aliporudi alisimama chini ya ngazi akaniangalia muda mrefu.

"Kuna nini, Komanda?"

"Hapana. Maliza kazi, upumuzike."

Hakula chakula cha jioni. Nilidhani ni bahari inamwogopesha, kama mimi.

Asubuhi tuliondoka. Sijawahi kuona kitu kama yale maji. Kwetu, ukichoka na kilima kimoja, kuna kingine. Pale hakukuwa na kitu cha kushika kwa macho. Tulipofika katikati, presha ya moteri ya kuume ilianza kushuka. Nilipiga pampu, nikangoja, sindano ikapanda kidogo, ikashuka tena. Nikabaki nimepiga magoti karibu na pipa, nikipiga pampu kwa kipimo, jicho kwenye sindano, muda mrefu hata magoti yakafa ganzi. Sindano ilipotulia, furaha ilinishika, nikaenda nyuma ya kiti cha Komanda nikaanza kumsimulia.

"Nikirudia Kashuga, Mama Furaha ataniuliza maji ilikuwa na rangi gani. Nitamwambia nini?"

Komanda hakugeuka. Aliangalia mbele tu. Nikafikiri hakunisikia, kwa kelele.

Tulitua Brazili jua likiwa bado juu. Kulikuwa na watu wanatungojea, wapenzi wa ndege za zamani, wanapiga makofi na picha. Komanda alizima moteri, akamwambia rubani wa pili ashuke. Kisha akageuka.

"Mekano, ikaa."

"Ngoja niangalie ile ya kuume..."

"Acha moteri. Mama Furaha hayuko tena. Pasta alinipigia simu tukiwa ku kisiwa."

Pasta ni kaka wa bibi yangu. Risasi zilisikika karibu na Kashuga, watu wakakimbia chini ya mvua kuelekea Kashebere. Mama Furaha alikuwa na malaria tangu kabla ya hapo, na njia ilimmaliza. Watoto walifika salama. Yeye alizikwa Kashebere.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Na nikakuongelesha juu yake."

"Nilisikia." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ningekuambia, ungetaka kurudia, na ndege ya kukurudisha haikukuwa pale. Ao ungepanda, na mikono ingetetemeka. Tungekufa batatu. Nisamehe."

Nilishuka nikaketi chini ya bawa, watu wakiendelea kupiga makofi kwa sababu hawakujua.

Sikufika kwenye makumbusho. Walinirudisha kwa ndege ya abiria. Nilifika Kashebere kilio kingali kimekaa, matanga hayajaondolewa, nikawakuta watoto wangu wamenyolewa. Baada ya siku chache Komanda naye alifika kwa pikipiki, matope mpaka kifuani. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wangu.

"Mama, mimi njo nilificha kifo ya mutoto wenu."

Mama mkwe alimwangalia.

"Mutoto wangu alikuwa amekwisha kufa," akasema. "Mukwe wangu ulimufikisha. Lakini ulimuacha bila kulia siku muzima. Ikaa sasa, ulie pamoja naye."

Komanda akaketi kando yangu, akalia.

Miaka ilipita, nikawa mimi chefu wa ateliye. Asubuhi moja habari ilifika kwamba mtoto wa mekanisiye wetu Amani amefariki, na Amani yuko tayari kuruka kwenda kuchukua wagonjwa Walikale. Nilimwambia palepale. Alianguka chini. Hakukuwa na mwingine wa kushika nafasi yake, safari ikafutwa, na mama mmoja aliyekuwa akingoja kule hakuiona asubuhi iliyofuata. Nilimtendea Amani nilivyotamani kutendewa, na nyumba nyingine ikaingia kilioni.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi wakinitembelea, wananiuliza kati yetu wawili nani alifanya vizuri. Ya moteri ninawajibu yote. Hilo ninawaambia sijui.

Komanda alifariki majira ya mvua yaliyopita. Watoto wake waliniomba niseme neno mazikoni. Nilikuwa nimetayarisha mengi, juu ya Walikale na ile pisti ya barabara. Nilisimama mbele ya sanduku la maiti, nikasema:

"Huyu mutu alibeba kifo ya bibi yangu peke yake, siku muzima, juu ya maji, ili mimi nifike."

Nilitaka kuendelea. Nikalia tu. Binti yake alinishika mkono, akanikalisha.