Jiwe la Mtoto Mnadani

Nimefundisha Kilatini Goma kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wakicheka, nawaacha wacheke. Shule yetu ni ya mapadri, na mwaka ule darasa la Kilatini lilikuwa limebaki na wanafunzi wanne. Kitabu chetu kilikuwa kimepoteza kurasa za mwisho, zile za maandishi ya makaburi ya Warumi. Nikawa natafuta picha kwenye simu ili niyanakili ubaoni.

Ndivyo nilivyoangukia katalogi ya nyumba moja ya mnada ya Ulaya. Ilikuwa imejaa vitu vya kale vya Misri, vya Wagiriki na vya Warumi: vichwa visivyo na pua, mkono wa shaba usio na mtu, paka aliyeviringishwa sanda. Kila kitu kilikuwa na namba yake na bei ya kuanzia. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na jiwe dogo la kaburi la Kirumi, limevunjika pembeni. Maelezo yalisema ni la mwanamke wa miaka arobaini, aliyewekewa na mumewe.

Nilikuza picha. Walikuwa wamesoma XL, yaani arobaini. Lakini mkia wa ile L ulikuwa ufa tu wa jiwe. Kilichochongwa pale ni XI, kumi na moja. Chini, mahali palipomeguka, waliona MA wakajazia neno la mume, MARITUS. Mimi niliona mguu wa T baada ya ile A. Lilikuwa neno MATER. Mama.

Mama yangu anaishi nasi mtaa wa Majengo. Alikuwa uani anachambua maharage, nikamweleza. Yeye aliacha kaburi la mdogo wangu kule Vitshumbi, kijiji cha ziwani ambako baba alikuwa mvuvi, siku tulipokimbia vita. Hajawahi kurudi.

"Miaka kumi na moja?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mama yake njo alimuwekea ile jiwe?"

"Ndiyo."

Aliacha kuchambua, mkono ndani ya ungo. "Sasa jiwe ikiondoka, kaburi ya mutoto itajulikana namna gani?"

Akausukuma ungo pembeni, akaniita papa kama nilipokuwa mdogo.

"Uwaandikie, papa. Uwaulize ni nani aliitoa pale."

Niliandika kwa Kifaransa, siku tatu, kamusi pembeni. Nilieleza makosa yao mawili kwa adabu, na mwishoni nikaweka swali la mama. Jibu lilikuja kesho yake. Walinishukuru, "mheshimiwa profesa", kwa jicho langu kali. Kuhusu swali, walisema jiwe linatoka katika mkusanyiko wa zamani wa familia moja ya Ulaya na karatasi zake ziko sawa. Ardhi ambako liling'olewa hawakuitaja.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikwenda mtaa wa Katindo kwa mtu mwenye mashine ya kuchapa, nikaichapa barua yao ile, na prefe, mkuu wa shule yetu, akaibandika katika chumba cha walimu. Kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele. Jioni moja mama aliuliza, "Na swali yangu, balijibu?" Nikamwambia bado wanatafuta.

Kisha katalogi ikabadilika. Sasa ilisema: jiwe adimu la mtoto wa kike, kumbukumbu ya kugusa moyo kutoka kwa mama mwenye majonzi. Bei ya kuanzia ilikuwa imepanda mara tatu. Jina langu halikuwepo, na hilo lingeweza kupita. Lakini niliyarudia maneno yale hadi nikaelewa. Jiwe la mwanamke wa miaka arobaini halikuwa na wa kulitaka. Mimi ndiye niliyewapatia mtoto.

Siku ya mnada nilitazama kwenye simu wakati wa mapumziko, walimu wenzangu wamenizunguka. Dalali alisoma sentensi zile zile nilizowaandikia, kwa sauti ya huruma. Mikono ikainuka, nyundo ikagonga. Haikufika dakika mbili.

"Muzee, umeshinda!" mwenzangu wa hesabu alinipiga begani. Wengine walipiga makofi.

Niliandika tena, nikiomba angalau picha safi kwa ajili ya wanafunzi wangu. Walijibu kwamba mnunuzi hapendi picha zisambae. Siku ile ile ukurasa wa jiwe lile ukaondolewa.

Jumapili, tukitoka misa, nilimwambia mama ukweli wote, hata uongo wangu. Alisimama kando ya njia.

"Kumbe wewe njo uliwaonyesha kama ni mutoto," alisema. "Wao hawakuona."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Mwisho wa mwaka prefe alifunga darasa la Kilatini kwa kukosa wanafunzi, akanipa masomo ya Kifaransa. Miezi michache baadaye nyumba ile ya mnada iliniandikia yenyewe. Walikuwa na jiwe jingine, limechakaa, wataalamu wao hawakubaliani. Je, profesa angeweza kulitupia jicho? Waliambatisha picha.

Nililisoma papo hapo, nimesimama mlangoni mwa darasa. Mvulana, miaka sita, na majina ya wazazi wake wote wawili.

Nikawajibu kwamba herufi zimefutika kabisa, na mimi siwezi kusoma kitu.