Kassimu Mnusa Chumvi

Mara ya kwanza nilimpelekea Kassimu laptopu yangu kwa sababu ilikuwa nzito kufunguka. Akaipiga windo upya, yaani akafuta mfumo wake na kuweka mwingine kwa flashi yake, ile ile anayoitumia kwa mji mzima, akanirudishia ikiwa nyepesi kweli. Ila kile kibao cha kupapasa kwa kidole hakikusogeza mshale tena. Nikamrudia. Akaipindua, akaisogeza puani, akafumba macho.

"Chumvi, bosi."

"Jana kilikuwa kinafanya kazi, fundi."

"Chumvi haipigi hodi. Nunua mausi."

Mausi anaziuza yeye mwenyewe, zimening'inia nyuma ya kichwa chake kama pweza wa kuanikwa.

Kassimu ni mtu wa Mikindani. Alianza na baiskeli, na kwenye minyororo ya baiskeli chumvi ya pwani ndiyo adui kweli. Hakukosea hata siku moja. Hapo ndipo alipoharibikia. Akaibeba chumvi yake kwenye mafriji, akaenda nayo kwenye redio, akaingia nayo mtaa wa Chikongola, Mtwara mjini, kwenye kompyuta. Mji ukamwamini, maana nani wa Mtwara asiyejua bati linavyoliwa? Ikafika mahali mtu hanunui kompyuta iliyotumika mpaka Kassimu ainuse.

Mimi nauza vyombo vya ofisi vilivyotumika, na sipendi kununua jibu nisilolipima. Nikampelekea laptopu Veronika, anayetunza kompyuta za ofisi moja pale mjini. Yeye hakunusa. Alifungua orodha ya vifaa, akanionyesha alama ya njano.

"Kibao ni kizima," akasema. "Kinaongea na kompyuta kwa nyaya mbili tu: moja inapiga mapigo, nyingine inapitisha habari. Mfumo endeshi usipokuwa na draiva, ile programu ndogo ya kuongoza mlango wa nyaya hizo, kibao kinaongea na ukuta. Huyo fundi wako, kila akipiga windo na flashi yake ya zamani, anafuta draiva za kiwandani."

Kumbe muuaji ndiye anayeandika cheti cha kifo!

Kesho yake nilikuwa kibandani kwa Kassimu. Rafuni alikuwa na laptopu kumi na moja alizozinunua kwa wateja baada ya kuwaambia zimeliwa na chumvi.

"Hizi maiti unazifanyia nini, fundi?"

"Nakata spea."

"Nipe zote."

"Bosi, umepatwa na nini? Hizo zimeoza."

"Ndiyo maana sitakupa bei ya wazima."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana mpaka adhuhuri. Akanipunguzia mwenyewe, kwa huruma. Hata hivyo mtaji wangu wote ukaishia humo. Nisingeziuza msimu wa korosho, watu wakiwa na fedha, ningelala nazo mwaka mzima.

Veronika alitia draiva mchana mmoja, zote kumi na moja zikaitika. Wa kwanza kuja kununua alikuwa mwalimu Felista. Akapapasa, akafurahi, kisha akasema neno la mji wetu: "Ngoja Kassimu aitazame."

Akarudi naye, na watu nyuma yao.

"Hii niliizika mwenyewe!" Kassimu akapaza sauti.

"Weka kidole, fundi."

Akaweka. Mshale ukakimbia kioo kizima. Nikadhani nimeshinda.

"Chumvi haifi, mwalimu," akasema, kidole bado kinatembea. "Inalala. Siku ikiamka utanikumbuka."

"Ni draiva, Kassimu! Flashi yako ndiyo inayozifuta!"

"Flashi yangu imehudumia shule tatu. Wewe ufundi umeanza lini, bosi? Juzi si ulikuwa unauza makabati?"

Wakacheka. Felista akanirudishia laptopu polepole, kama mtu anayerudisha samaki aliyevunda.

Baada ya hapo hakuna aliyezigusa mjini. Nikakodi bajaji nikazipeleka Nanyamba, ambako hakuna anayeijua pua ya Kassimu. Kwa siku nne laptopu zote zikaisha, chini ya bei niliyopanga, lakini mara mbili ya niliyomlipa yeye. Soko la kompyuta la Mtwara nimelipoteza. Hapa mjini sasa nauza viti na makabati.

Yeye alipoteza laptopu kumi na moja nzima na mpaka leo hajui. Sifa ndiyo aliyopata: fundi anayeuona ugonjwa hata kwenye mashine inayotembea. Siku hizi kunusa peke yake anatoza elfu tano, na foleni ipo.